Karatasi Iliyobaki Kavu

Jumatano, tarehe 12 Machi. Asubuhi wingu lilikaa upande wa mlima hadi saa nne, nikadhani leo mvua itaanza, halafu upepo ukaja ukalifagia. Mchana ulikuwa jua tupu, na vumbi la barabara hii yetu ya Majimbo likaingia hadi kwa sufuria.

Kathure, wewe uliyebaki na meza yangu pale kliniki, uliniambia siku ile ya kuniaga niandike yale niliyokuwa nikiwasimulia wakati wa chai, yasije yakapotea. Nilicheka kwa sababu shule niliiacha kidato cha pili, na Kiswahili changu ni cha mtu wa Kianjai, kina mashimo. Lakini siku za hapa ni ndefu. Nilihamia Embu kwa sababu mke wangu alikuwa wa huku na nyumba ilikuwa yake. Yeye ametangulia, watoto wako Nairobi, na majirani ni watu wazuri wanaonisalimia kwa Kiembu kisha wanaenda zao. Kwa hivyo nimenunua daftari.

Mengi humu ni ya macho makavu na jinsi ya kuyatunza, maana hiyo ndiyo kazi niliyoijua kidogo. Lakini nikuambie mapema kwamba kuna mama mmoja nitamwandika. Mama mkwe wake aliacha kupokea chakula cha mkono wake kwa sababu ya macho hayo. Yule mama alitaka kitu kimoja tu, huyo mzee aamini kwamba alikuwa na uchungu wa mumewe. Sijajua mpaka leo kama nilimsaidia au nilimharibia. Pengine wewe ukisoma utajua. Jina nimebadilisha, faili utaitambua mwenyewe.

Nilianza kama mtu wa kufagia. Siku ya kwanza nilitaka nionekane mwenye bidii, nikapiga deki chumba cha kupimia kwa dawa ya klorini bila kupima, nusu ndoo nzima. Kufika saa tatu kila aliyeingia humo alitoka analia, hata daktari. Sista Karimi, muuguzi mkuu wa macho wakati huo, alisimama mlangoni akipangusa uso kwa kitambaa chake.

"Wewe ndiye Mutuma?"

"Ndiyo, Sista."

"Leo umewatibu watu kumi na mmoja. Hakuna jicho kavu hapa ndani. Sasa fungua madirisha."

Hakunifukuza. Nilimwogopa miaka miwili, halafu nikaona ya kwamba ukali wake ni wa kazi, haumfuati nyumbani. Msaidizi wake alipopata kazi Nairobi akaondoka, Sista aliniita nishike taa, kisha nishike saa, kisha siku moja akanipa karatasi mkononi akasema, "Nimekuonyesha mara mia. Fanya."

Hiyo karatasi unaijua. Ni kipande chembamba, urefu wa kidole, kimekunjwa kichwa. Unamwambia mgonjwa aangalie juu, unavuta kope ya chini, unakiningʼiniza hapo upande wa nje, unamwambia afumbe macho polepole, unakaa dakika tano. Machozi yanapanda kwenye karatasi yenyewe, nawe unasoma milimita. Jicho zuri linalowesha kumi na tano au zaidi. Tano kushuka chini ni taabu. Mimi nilikuwa nasoma mara mbili, kisha naita mwingine asome, kwa sababu macho yangu mwenyewe siyaamini. Watu wakaanza kuniita Mzee wa Karatasi, na wakati huo sikuwa nimefika hata miaka thelathini.

Jambo ambalo lilinichukua muda kuelewa ni hili la jicho kavu kutoa maji. Mtu anaingia, maji yanatiririka hadi kidevuni, unamwambia macho yako ni makavu, anakuangalia kama umelewa. Sista alikuwa anawaeleza wakulima hivi: shamba la kahawa likikaa bila mvua udongo unagandamana, sasa ukimwaga ndoo moja kwa nguvu maji yanakimbia juu juu hadi kwa jirani, na chini mzizi bado una kiu. Jicho likiwashwa na ukavu linamwaga ndoo. Kile linachohitaji ni umande wa kila saa, wenye mafuta kidogo ndani, na hayo mafuta hutoka kwenye kingo za kope. Sijapata maneno bora kuliko yake, nawe ukipata uyatumie.

Makosa yangu nitaandika pia, maana ukiandika mazuri tu mtu mchanga atadhani yeye peke yake ndiye hukosea. Kulikuwa na mzee wa Kianjai mwenye kope zilizoziba mafuta. Nilimwambia aweke kitambaa cha maji ya moto juu ya macho dakika kumi, asubuhi na jioni. Moto kiasi gani sikusema. Alirudi wiki iliyofuata kope zimebabuka, akaniambia bila hasira, "Dawa yako ni kali, lakini nimevumilia." Toka siku hiyo nasema joto la maziwa ya mtoto, ujaribu kwanza ndani ya kiwiko. Kisha usugue kope taratibu kuelekea kwenye kingo, usafishe kwa maji yaliyochemka yakapoa. Wengine walikuwa wanatia majani ya chai, wengine maziwa ya mama, wengine ile dawa ya chupa ndogo waliyopewa na jirani, ambayo inatuliza siku mbili na baadaye inaharibu jicho kabisa. Usiwacheke. Mtu ambaye macho yanamkwaruza hawezi kungoja kliniki ya mwezi ujao.

Sasa Mama Kendi.

Kliniki yetu ilikuwa inaenda Githongo mara moja kwa mwezi, tunakaa katika ukumbi wa kanisa. Mimi nilikaa mlangoni nikichuja nani aone daktari na nani apewe dawa aende. Aliingia na maji yakimtoka macho yote mawili, nguo zinanuka kuni. Nikaandika: moshi na mzio. Nikampa dawa ya mzio na kumshauri afungue dirisha la jikoni. Moshi ulikuwepo kweli, sikusema uongo. Lakini karatasi sikumpima, mimi Mzee wa Karatasi, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na maji yalikuwa yanaonekana. Aliitumia hiyo dawa karibu mwaka mzima bila nafuu.

Aliporudi alikuwa na mumewe. Wakati wa kungoja watu wa kanisa walileta chai na mandazi, nikaona huyu mama hawezi kumeza kipande bila kukisukuma na chai. Nikaenda nikakaa karibu.

"Mama, mdomo nao uko aje?"

"Umekauka kama ubao," akasema mumewe. "Usiku anaamka kunywa maji kama ngʼombe."

"Wacha niongee mwenyewe," akasema yeye. "Na vidole inauma asubuhi. Siwezi kukamua."

Nilimpima. Dakika tano. Karatasi ya kulia ililowa milimita mbili. Ya kushoto ilibaki kavu vile ilivyotoka kwenye paketi, hata nikafikiri sikuiweka vizuri, nikarudia. Ikabaki kavu. Daktari alimtuma Meru mjini kwa damu, na majibu yakasema ni ule ugonjwa ambao mwili unapigana na tezi zake wenyewe, za machozi na za mate. Hauponi. Unatunzwa. Nilimweleza taratibu: matone yale ya kulainisha, yasiyo na kihifadhi akiweza kuyapata, saa baada ya saa, kitambaa cha joto, asikae upepo unapopita, miwani iliyofunikwa pembeni akienda kuchuma kahawa wakati wa vumbi, maji ya kunywa kidogo kidogo, meno yachunguzwe, maana mdomo mkavu huoza meno. Nikamwomba msamaha kwa ule mwaka. Akasema, "Si wewe. Hata mimi nilidhani ni moshi." Hiyo niliichukua nyumbani kama zawadi, ingawa sikuistahili.

Kwa sababu vidole vyake vilivimba, mumewe ndiye aliyekuwa akimwekea matone. Nilimfundisha pale pale ukumbini. Alikuwa mtu wa mzaha.

"Angalia juu. Juu zaidi. Kama unatafuta ndege kwa mti wa kahawa."

"Hakuna ndege."

"Basi tafuta mume mwingine."

Foleni yote ikacheka. Alikuwa akimleta kila mwezi, miaka kama minne hivi.

Kisha akafa, ugonjwa wa siku chache. Kwa mazishi sikuwepo, kwa hivyo naandika nilichoambiwa na Mama Kendi mwenyewe. Alisimama kando ya kaburi na hakutokwa na chozi hata moja. Kifua kilikuwa kinapasuka, alisema, lakini uso ulikuwa mkavu, na watu walikuwa wanamwangalia uso. Mama mkwe wake, nyanya wa watoto ambaye hapo nyumbani wote humwita cucu, alilia hadi akashikwa na watu wawili. Kesho yake Mama Kendi alimpelekea uji kama kila asubuhi. Cucu hakumtukana. Alisema, "Rudisha." Akatuma aitwe msichana wa ndugu yake aje kumpikia. Boma moja, milango miwili, hatua ishirini katikati, na chakula hakivuki.

Miezi mitatu baadaye alikuja kliniki yetu kuu peke yake.

"Mzee wa Karatasi, nataka barua."

"Barua ya nini, Mama Kendi?"

"Ya kusema sina machozi. Wanasema nilisimama pale kama mtu amekuja baraza ya chifu. Cucu akisikia kwa hospitali ataamini. Anaheshimu hospitali."

"Na wewe mwenyewe umemwambia?"

"Nimemwambia. Anasema mbona siku zingine macho yangu inatoa maji nikiwa kwa upepo, na siku ya mtoto wake ikakataa."

Unaona mahali tulipofika. Ile ndoo ya Sista Karimi ndiyo ilimshtaki. Nilimpima tena ili barua iwe na ukweli wa siku hiyo. Kulia moja na nusu, kushoto hakuna. Daktari akaandika vizuri, kwamba mgonjwa huyu ana upungufu mkubwa wa machozi na hawezi kulia kama watu wengine. Akanipa nisome kabla ya kupiga muhuri. Na mimi, Kathure, nikaona kuna kitu kinakosekana. Nikasema, "Daktari, si tuongeze ya kwamba kipimo hiki hakionyeshi huzuni ya mtu wala kukosa huzuni? Ili tusiseme zaidi ya tunachojua."

Daktari akaweka muhuri kando. "Mutuma, ni nani amekuuliza hayo?"

"Hakuna. Ni haki tu."

Akaongeza.

Barua ilisomwa nyumbani na shemeji yake, mbele ya cucu, akiitafsiri kwa Kimeru. Simlaumu huyo shemeji, alisoma kilichoandikwa. Alipofika kwenye sentensi yangu alisimama, akairudia. Cucu akauliza, "Kwa hivyo hata hospitali haijui kama alikuwa na uchungu?" Shemeji akasema, "Ndivyo wameandika." Cucu akainuka akaenda kwake.

Mama Kendi alirudi kuchukua matone mwezi uliofuata. Alinieleza haya yote polepole, bila kuniinulia sauti. Mwisho akasema, "Ungewacha ile sentensi ya kwanza tu." Sentensi yangu ilikuwa kweli. Bado ni kweli. Nimeigeuza kichwani mara nyingi kuliko Biblia, na kila mara naona iko sawa, na kila mara naona singeiandika.

Ulipokaribia mwaka, familia ikapanga maombi ya kumbukumbu, kama tunavyofanya, kaburi lipakwe saruji na kuwekwa vigae, watu waalikwe, mke asimame aseme neno. Alikuja Githongo siku ya kliniki akaomba chupa mbili badala ya moja. Nilimpa. Hakuondoka.

"Nikiweka mengi mara moja, itaniumiza?"

Nilijua anachouliza. Naye alijua ninajua. Watu walikuwa nyuma yake kwenye foleni.

"Jicho halitaumia," nikasema. "Yale yanayozidi yatamwagika tu usoni."

"Yatamwagika."

"Ndiyo."

"Kwa muda gani?"

"Dakika moja, mbili. Ukipepesa sana yanaisha haraka."

Akafunga chupa ndani ya leso, akaifunga fundo. "Ni Jumamosi wiki ijayo. Wewe ulimjua, njoo."

Nilijibu kama ni swali la dawa. Sikusema afanye, sikusema asifanye. Sista Karimi angemwambia kitu, hata kama ni kibaya, lakini yeye alikuwa ameshastaafu kwenda kwa binti yake, na simu yake ilikuwa haishiki. Mimi nilijificha nyuma ya kazi yangu.

Nilienda. Hema mbili, viti vya plastiki, kwaya ya akina mama, katekista aliyeongea sana. Kabla ya kuitwa, Mama Kendi aliinuka akazunguka nyuma ya jiko, akarudi upesi. Aliposimama kando ya kaburi maji yalikuwa yanashuka mashavu yote mawili, sawasawa, kama mvua kwenye kioo. Mtu anayelia hulia na pua, na macho yanakuwa mekundu, na jicho moja hutangulia. Hayo sidhani kuna mwingine aliyeyaona. Alisema maneno machache.

"Alikuwa ananiwekea dawa asubuhi na jioni. Tangu aende naweka mwenyewe, na nusu inaanguka kwa shingo."

Hiyo ilikuwa kweli yote, kila neno. Cucu aliinuka kwa bakora yake, akaenda hadi pale, akachukua ncha ya leso yake akampangusa uso, akisema kwa Kimeru, nyamaza, mwanangu, nyamaza. Wamama wakaanza kulia nao. Wakati wa chai Mama Kendi alimpelekea kikombe, na cucu alikipokea kwa mikono miwili mbele ya kila mtu, akanywa hadi chini. Niliinua macho nikakutana na ya Mama Kendi. Aliangalia kando.

Kutoka siku hiyo hakuja kliniki yetu. Mwezi wa kwanza nilidhani ni kazi ya kahawa. Mwezi wa tatu niliuliza, nikaambiwa anachukua dawa mahali pengine, huko Meru mjini, nauli mara mbili. Nilikutana naye mara moja tu, soko la Githongo, amemshika cucu mkono, wanachagua ndizi. Niliinua mkono.

"Habari yako, mzee," akasema, vile unavyosalimia mtu aliyekuuliza njia.

Cucu akauliza, "Ni nani huyo?"

"Ni mtu wa hospitali. Alinipima macho zamani."

Wakaendelea na ndizi zao. Nilisimama hapo kidogo, halafu nikakumbuka nilikuwa nimeenda kununua betri za tochi.

Sina lawama kwake. Mtu akikaa nyumbani mwake kwa amani, na kuna mmoja tu duniani anayejua hiyo amani iliingia na chupa gani, huyo mmoja ni vizuri awe mbali. Cucu naye simlaumu, alikuwa amepoteza mtoto na alitafuta mwenzake wa kulia naye, akamkosa mwaka mzima hatua ishirini tu kutoka mlangoni pake. Nikijiuliza ni nani aliyedanganya siku ile, nashindwa kumpata. Uchungu ulikuwa wake. Maji tu ndiyo yalikuwa yetu.

Kathure, ule ugonjwa haurudi nyuma, kwa hivyo ipo siku anaweza kurudi kwenu, nauli ikimshinda au matone yakikosekana huko. Usimwambie umesoma daftari hili. Mpime karatasi, muulize mdomo, muulize meno, angalia vidole, maana kufikia sasa vitakuwa vimezidi. Tone la kwanza mwekee wewe, mwambie aangalie juu. Kisha uliza, kama unavyouliza kila mtu, nyumbani ni nani anamwekea dawa. Akisema ni cucu, niandikie.

Jioni nimekula githeri ya jana, nimeipasha kwa kitunguu na nyanya moja, na chai bila maziwa kwa sababu joto la mchana lilikuwa limeyaharibu.